Kipande Kilichokatwa: Wimbo wa Mwisho wa Beatles Ulivyotugawa Marikiti

Alhamisi ya tarehe 2 Novemba 2023, saa kumi na moja kamili jioni, tulikuwa watu watano tumejibana ndani ya duka la fundi wa redio, hatua chache kutoka Marikiti ya Mombasa, tumeizunguka simu moja kama watu wanaongoja mwezi uandame. Saa hiyo ndiyo Beatles, bendi ya roki ya Uingereza, walikuwa wametangaza kuutoa wimbo wao "Now and Then". Kabla ya adhana ya Magharibi, wawili kati yetu walikuwa hawasemezani.

Kwa dunia wimbo ulikuwa mpya. Dukani mle haukuwa mpya hata kidogo. Fundi alikuwa nao kwenye kaseti ya magendo tangu zamani, tangu baharia mmoja aliposhuka Kilindini na kumwachia aunakili, na sisi wengine tulikuwa tumeusikia pale pale kwake mara zisizo na idadi: John Lennon, mmoja wa bendi hiyo, peke yake na piano, sauti imefunikwa na mvumo wa stima. Kwa hiyo hatukwenda kuusikiliza wimbo. Tulikwenda kuona wameufanya nini.

Nieleze kwanza waliokuwapo. Fundi ni mtu mzima wa miaka sitini na kitu, na wengi wetu twamwita Ami. Pembeni yake alikaa kijana apigaye gitaa katika hoteli za Nyali, mtoto wa mtaani kwetu, aliyejifunza nyuzi za kwanza akiwa amekaa kwenye kigoda cha duka hilo. Palikuwa na dada mmoja ambaye kazi yake ni kuchanganya sauti studio. Palikuwa na Maalim, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ambaye muziki wa roki haukuwa fani yake ila hakosi penye kahawa na mabishano. Na mimi, niliyeyaona haya yote na nisiyeweza kuyaacha yapite hivi hivi.

Historia ya wimbo ni fupi. Lennon aliurekodi nyumbani kwake, jengo la Dakota, New York, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa kaseti ya kawaida. Aliuawa kwa risasi nje ya jengo hilo hilo tarehe 8 Desemba 1980. Mwaka 1994 mjane wake, Yoko Ono, alimpa Paul McCartney, mwenzake Lennon katika bendi, kaseti zenye nyimbo ambazo mumewe hakuwahi kuzimaliza. Mbili zilimaliziwa na wenzake watatu waliobaki, McCartney, George Harrison na Ringo Starr: "Free as a Bird" ikatoka Desemba 1995, na "Real Love" Machi 1996. Huu mwingine waliujaribu mwaka 1995 pamoja na mtayarishaji Jeff Lynne, kisha wakauacha. Mvumo ulikuwa mkubwa, sauti na piano zilikuwa zimegandana, na George Harrison hakuona kama utafika popote. Harrison naye akafariki tarehe 29 Novemba 2001. Kilichoufufua ni mashine. Watu wa Peter Jackson, walipokuwa wakitengeneza filamu yao ndefu ya mwaka 2021 kuhusu bendi hii, walifunza kompyuta kutenganisha sauti ya mtu na vyombo vilivyorekodiwa pamoja naye. Sauti ya Lennon ikachomolewa kutoka kwenye piano na mvumo, McCartney na Ringo Starr wakapiga upya, gitaa alizopiga Harrison mwaka 1995 zikarudishwa mahali pake, fidla zikaongezwa, na wimbo ukatoka na dakika nne na sekunde nane.

Dakika hizo nne zilipita kimya pale dukani. Sauti ilikuwa safi mno. Niliyezoea kumsikia mtu huyu kama yuko nyuma ya pazia, nilishtuka kumsikia akivuta pumzi. Kijana alikuwa amefumba macho. Ulipokwisha akasema, "Subhanallah," na dada akaitikia kwa kichwa.

Fundi hakusema kitu. Alichukua kitambaa, akafuta meza isiyokuwa na vumbi, kisha akauliza:

"Kipande changu kiko wapi?"

"Kipande gani, Ami?"

"Kile asemapo hataki kumpoteza. Wamekikata."

Ni kweli, walikuwa wamekikata. Kwenye kaseti kuna kipande cha katikati ambapo Lennon anatoka kwenye beti na kupanda, akimwambia huyo anayemwimbia kwamba hataki kumpoteza. Maneno yake hayajakamilika, mahali pengine ni kama anatafuta. Katika wimbo uliotoka, kipande hicho hakimo.

"Ami, kile hakikuwa kimeisha," kijana akasema. "Hata maneno hayakuwa yamekaa. Anamumunya tu."

"Mamako alipokuwa akikubembeleza na yeye alikuwa akimumunya. Ulimwambia akate?"

Tungecheka, mambo yangeishia hapo. Lakini kijana alikuwa bado ana wimbo kichwani, na furaha yake imeguswa, akajibu, "Basi baki na kaseti yako ya mvumo."

Maneno hayo, kwa mtu aliyemkalisha kwenye kigoda chake tangu ana miaka kumi, yalikuwa mazito kuliko alivyokusudia. Fundi alisimama, akateremsha mlango wa chuma hadi nusu, akasema Magharibi imekaribia. Tukatoka tumeinama. Zikapita wiki tatu kijana hajapita mtaa ule.

Kuhusu mvumo

Mtu akisikia habari hii atasema wamegombana kwa upuuzi. Mimi pia nilidhani hivyo hadi Jumamosi iliyofuata, dada aliporudi dukani na programu ya simu inayopima mitikisiko ya sauti. Alikuwa anataka kumwonyesha Fundi kwamba mvumo ni uchafu tu, na aliyeuondoa amefanya hisani. Alisema pia jambo lililohitaji kusemwa, kwani mitaani watu walikuwa wakidai kwamba Lennon wa kwenye wimbo ni wa kutengenezwa na kompyuta. Si hivyo. Kompyuta haikuimba. Ilichuja tu, kama upepetavyo mchele kwenye ungo: sauti ni ile ile iliyotoka kinywani mwake pale Dakota.

Fundi akatia kaseti. Stima ya Kenya hutikisika mara 50 kwa sekunde, ya Marekani mara 60, na mvumo wa mashine huwa na mwenzake wa juu, mara mbili yake, ambao ndio sikio hushika vizuri. Mvumo wa New York basi ungetakiwa kusoma 120. Simu ya dada ilisoma 117.

"Enhe," akasema Fundi. "Mota yangu inakwenda polepole."

Akaifungua tepu rekoda kwa nyuma. Kwenye mota ndogo inayozungusha kaseti kuna tundu, na ndani ya tundu kuna skrubu ambayo ukiigusa mwendo hubadilika. Akaingiza bisibisi nyembamba kama sindano, akageuza kidogo, kidogo tena, jicho lake likiwa kwenye simu. 118. 119. Sauti ya Lennon ilikuwa ikipanda mbele yetu, inajinyoosha, kama mtu anayeamka kwenye kiti. Ilipofika 120 Fundi akaondoa mkono.

"Hivi ndivyo alivyoimba. Na aliyenambia ni huo uchafu wenu."

Dada alinyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza. Alichokuwa ameonyeshwa ni kwamba mvumo ule ni saa. Kaseti hunakiliwa kutoka mashine hadi mashine, kila moja na mwendo wake, na baada ya nakala tatu nne hakuna ajuaye mwimbaji aliimba juu au chini kiasi gani. Mvumo wa stima haubembelezeki: New York ni 60, na ukiusikia ukisoma vingine, mashine ndiyo imekosea.

Kisha dada akaona kitu kingine kwenye kioo cha simu. Chini ya mstari wa 120 palikuwa na mstari mwingine, hafifu, kwenye 100. Nao ulikuwa umepanda pamoja na wa juu Fundi alipogeuza skrubu. Ungekuwa mvumo wa mashine iliyokuwa mezani siku ile, usingesogea kwa kugeuza mwendo wa kaseti. Kwa hiyo ulikuwa umerekodiwa. Fundi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Huo ni wetu. Niliinakili hapa hapa."

Kuhusu kipande

Kijana hakuwapo siku hiyo, na nilisikitika hakuwapo. Jumatatu nilimwendea kwao na nikamkuta na gitaa mapajani, anafanya jambo ambalo sikumtuma: alikuwa anapiga wimbo kama ulivyotoka, kisha anasimama na kukirudisha kipande kilichokatwa, halafu anaendelea. Alikuwa amekasirishwa na Fundi kiasi cha kutaka kuthibitisha kwamba hakiingii.

"Hakiingii," akaniambia. "Sikiza. Ngoma za Ringo zimenyooka kama reli. Lennon kwenye piano yake anakwenda na kusimama apendavyo. Ukikitia, wimbo unachechemea."

Akapiga. Ulichechemea kweli. Nikamwomba apige tena, polepole, bila kufuata ngoma ya mtu yeyote. Akapiga mara tatu. Mara ya tatu hakusema hakiingii.

Alichosikia, nami nilikisikia, ni kwamba pamoja na kile kipande wimbo unabadilika maana. Bila hicho, ni wimbo wa mtu anayemkumbuka mwenzake: mara kwa mara nakuwaza, nakutaka urudi. Wimbo umetulia, una huzuni ya mtu aliyekwisha kukubali. Ukikirudisha kipande, huzuni hiyo inapata woga ndani yake. Huyu anayeimba bado hajampoteza huyo mtu. Anaweza kumpoteza kesho, na pengine ni kwa makosa yake mwenyewe. Ndipo kiitikio kinapokuja kinamsihi mtu aliye hai.

Na hapa naamini ndipo ulipo ufunguo wa kisa kizima. Mashabiki wameandika mengi kuhusu kama ni sababu za ufundi au za ladha. Mimi natazama umri wa walioumaliza. McCartney alikuwa na miaka 81, Starr 83. Wanamwitikia rafiki aliyekufa karibu miaka 43 nyuma, na gitaa ya rafiki mwingine aliyekufa miaka 22 nyuma. Watu hao hawawezi kusema wanaogopa kumpoteza. Walishampoteza. Kile kipande kingebaki, ungekuwa na wazee wawili wanaomsindikiza marehemu katika woga ambao wao umekwisha kuwatimia. Sidhani McCartney aliketi akayahesabu hivi, wala sidai kujua alichowaza. Lakini aliyezoea kuimba kwa miaka sitini huhisi mshororo unaokwaruza kinywani hata kabla hajajua kwa nini.

Kwa hiyo kijana alikuwa na haki: kwa wimbo ule uliotoka, kipande hakiingii. Na Fundi alikuwa na haki: wimbo ule uliotoka si ule uliokuwa kwenye kaseti. Walikuwa wakibishana juu ya nyimbo mbili wakidhani ni moja.

Kuhusu ruhusa

Maalim ndiye aliyelileta swali gumu zaidi, na alilileta kwa mlango ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameutazama. Tulikuwa barazani kwake, kahawa tungu na kashata mbele yetu, namsimulia mambo ya skrubu na gitaa. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa hao wametia takhmisi au hawakutia?"

Asiyejua: takhmisi ni kuchukua shairi la mwenzio na kuliongezea mishororo hadi kila ubeti uwe na mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Nasir alipolitilia takhmisi shairi la Liyongo, katika kila ubeti alitanguliza mishororo yake mitatu, na miwili ya Liyongo ikaja mwisho, mizima kama alivyoikuta. Vina vya yule wa pili vinafuata vya yule wa kwanza. Msomaji anajua ni wapi anapokanyaga Sayyid na ni wapi anapokanyaga Liyongo. Marehemu ndiye anayefunga ubeti.

"Kuongeza wameongeza sana," akasema Maalim. "Hilo si tatizo, ndiyo kazi yenyewe. Lakini ukitia takhmisi hupunguzi. Ukimpunguzia mwenzio mshororo, hiyo ni kazi nyingine, itafutiwe jina."

Nilimpelekea dada maneno hayo, nikijua atayapinga, na alinijibu vizuri kuliko nilivyotaraji. Alisema Lennon na McCartney walikuwa wakikatiana na kuungiana vipande tangu ujana wao. Nyimbo zao waliziandika jina kwa pamoja. Lennon angekuwa hai, angempelekea McCartney wimbo ambao haujaisha, na McCartney angesema hapa panatosha, hapa toa. Ushirika wenyewe ulikuwa hivyo, na kifo hakikumnyang'anya McCartney nafasi yake ndani yake. Takhmisi, akasema, ni ya mtu asiyekuwapo wakati shairi linatungwa. Huyu alikuwapo miaka yote.

Jibu hilo limenikaa. Ninaona lina nguvu kuliko la Maalim kuhusu haki ya kukata. Kasoro yake ni moja: zamani Lennon angeweza kukataa. Mtu wa kukataa ndiye aliyekosekana, na aliyekuwa amekataa mwaka 1995 alikuwa keshafariki. Kuhusu Harrison pia maneno ni mawili. McCartney amesema hadharani kwamba George hakuupenda wimbo. Mjane wake, Olivia, amesema kilichomsimamisha ni ubovu wa sauti ya kaseti, na kwamba angekuwa hai angejiunga na wenzake kwa moyo wote. Namheshimu mjane, na sina sababu ya kumkadhibisha yeyote.

Langu ni jingine, na hili nalisema bila kusita. Wimbo ulitoka kwenye santuri yenye pande mbili. Upande wa pili waliweka "Love Me Do", wimbo wao wa mwaka 1962, ili wa mwanzo na wa mwisho ukae pamoja. Ni wazo la kupendeza. Lakini upande huo ndio uliokuwa mahali pa kaseti: Lennon, piano, kipande, mvumo, kama vilivyo. Wangefanya hivyo, mkato wa McCartney ungekuwa uamuzi wa msanii ambao kila mtu anaupima kwa masikio yake. Walivyofanya, anayesikia leo kwa mara ya kwanza hana habari kwamba kuna kitu kilitolewa. Anayetaka kukisikia bado anarudi kwenye magendo, kama Fundi na baharia wake.

Hapa kwetu jambo hilo tunalijua vizuri. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, tusingekuwa nayo kama Mwalimu Sikujua hangeyakusanya baadaye kutoka vinywani na vichwani mwa watu wa Mvita. Na nyimbo za Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, waulize wazee wa Mji wa Kale, watakwambia wanaupenda wimbo fulani wa harusi fulani, usiku fulani, si kwa sababu ulirekodiwa vizuri. Unasikia vikombe, unasikia watu wakiitikia, na unamsikia mwenyewe akirudia mshororo ambao kwingine hakuurudia. Kaseti ya kila usiku ni wimbo wake. Fundi alikulia katika usikivu huo. Alipouliza kipande changu kiko wapi, hakuwa mshabiki mkaidi asiyependa mabadiliko, kama kijana alivyomdhania. Alikuwa anauliza kama mtu aliyepewa kaseti ya harusi aliyohudhuria akakuta ubeti haumo.

Wiki tatu zilipotimia nilimchukua kijana hadi Marikiti. Alikuwa amebeba gitaa. Hakuingia mara moja, alisimama kwenye ngazi akasema, "Ami, niwie radhi." Fundi alikuwa ameinama juu ya spika iliyofunguliwa, akasema pita, mwanangu, usisimame juani. Basi. Hakuna aliyelitaja la Alhamisi.

Kijana akampigia wimbo wote, na kipande ndani yake, kwa mwendo wa kuyumba. Fundi alisikiliza huku ameshika risasi ya kuchomea mkononi. Alipomaliza akamwambia pale katikati asiharakishe, Lennon hapo alisubiri kidogo zaidi, akamwekea kaseti asikie. Wakarudia. Baada ya hapo kijana akaomba nakala ya kaseti, na akasema angeweza kuisafisha kwa kompyuta, mvumo uondoke, kipande kibaki. Dada, aliyekuwa ameshafika, akasema hilo ndilo angelifanya na yeye.

"Kwenu msafishe mnavyotaka," akasema Fundi. "Kutoka hapa inatoka kama ilivyo."

Bado hawajakubaliana juu ya hilo. Akatia kaseti tupu upande wa kushoto, ile aliyoinakili kwa baharia upande wa kulia, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na tukakaa kimya hadi ilipokwisha, kwa sababu mashine yake ya kunakili hunasa hata kikohozi. Kisha akachukua kalamu, na kwenye karatasi ya kaseti akaandika mistari miwili: New York 60. Mombasa 50. Jina la wimbo hakuliandika.